Jumamosi, Juu ya Duka la Mbolea

Ngazi ni za mbao, ya tatu imeoza: ruka.
Harufu ya mbolea hupanda nasi hadi chumbani,
na baridi ya Juni, baridi hii ya Uyole
inayomfanya Gwamaka achape kwa mkono mmoja,
wa pili umeng'ang'ania kikombe.

Tumo saba. Kompyuta nne; moja haina kioo,
imeazima televisheni ya kaka yake Nsajigwa
kwa sharti: saa kumi, mpira ukianza, irudi.
Hakuna anayelipwa. Chai ni zamu.
Leo ni Subilaga, na amesahau sukari,
jambo litakaloingia kwenye kumbukumbu za kikao.

"Yangu inaganda kwenye nembo."
"Tangu lini?"
"Tangu niisasishe."
"Ulisoma maelezo?"
Kimya.
"Haya, lete. Hata mimi sikuyasoma."

Mwenye bando hupakua usiku wa manane, bei ikilala,
asubuhi akagawa kwa flashi, kama mtu aliyechinja.
Ni programu huria: ipasue, tazama utumbo wake,
shona, mpe jirani.

Kazi ya leo ni maneno.
Menyu nzima ije kwa Kiswahili, tuliahidi:
mistari mia nne na kumi. Tumefika wa tatu.
"Ghairi," asema Subilaga, aliyesomea Tanga.
"Nani huku anaghairi? Andika Acha."
"Acha ni ukali. Mashine itaonekana inamfokea mtu."
"Basi Usijali."
"Usijali si kitufe, ni pole ya msibani!"
Tunacheka mpaka muuza mbolea
anagonga dari lake kwa mpini wa ufagio.

Ndipo anapanda Mama Atupakisye, mnunuzi wa viazi,
koti la mume juu ya kitenge,
kompyuta ndani ya mfuko wa sandarusi.
Msimu mzima umo humo: nani kachukua mbegu,
magunia mangapi, nani kalipa nusu akahamia Chimala.
"Kulikuwa na jina nimelikosea," asema.
"Nikaona pameandikwa Futa. Nikafuta.
Ikaniuliza, una hakika?
Mtu mzima anaulizwa una hakika, atajibu nini?"

Hakuna anayecheka.
Neno lile nililitafsiri mimi,
mwezi wa tatu, usiku, nikijisifia ufupi wake.
Niliwaza faili.
Sikumwaza mtu mwenye kitambaa mkononi.

Gwamaka anaweka kikombe chini, mikono yote miwili.
Anafungua Takataka: yamo.
"Madeni yangu mmeyatupa jalalani?"
"Yamelala tu, Mama."
Kisha anamwonyesha Tendua. Andika jina: Mwashiuya.
Tendua: hakuna Mwashiuya. Tena: yupo.
Anarudia kama mtoto na swichi ya taa.
"Inarudi nyuma hatua ngapi?"
"Ishirini. Ukitaka nakuwekea mia."
Anafikiri, midomo ikihesabu.
"Hata hizo mia
zinanifikisha Jumatano tu."

Kabla ya Jumatano kuna nini, hatuulizi.
Anatoa viazi sita, kimoja kimoja, mezani,
anafunga mfuko, na kuiambia kompyuta,
si sisi: ndaga.
Ngazi ya tatu anairuka bila kutazama.

Viazi tunavibandika jikoni.
(Bandika, neno hilo tulilipitisha bila ubishi.)
Futa inarudi kikaoni.
"Ondoa?" "Utadhani ni ng'ombe shambani."
"Tupa?" "Angekuja analia zaidi."
"Labda neno halina kosa," asema Nsajigwa,
"swali ndilo bovu. Badala ya una hakika,
iulize: yote, au hili moja?"
Naandika. Nafuta. Naandika.

Saa kumi kaka mtu anapiga mluzi barabarani.
Televisheni inashuka ngazi imekumbatiwa kama mgonjwa,
na mashine inabaki inanguruma haina uso,
mistari mia nne na saba tumboni,
mvuke wa viazi ukitua kwenye dirisha
nisilothubutu kulifuta.